Shajara ya mradi: kujenga upya shule yetu juu ya udongo mweusi

Januari 2024

Kwa wazazi wapya ambao hawakuwepo kwenye mikutano ya mwaka jana: kiwanja chetu ni shamba la zamani la kuku, nje kidogo ya Kitengela, Kaunti ya Kajiado. Chekechea na darasa la kwanza hadi la sita wanasomea katika mabanda mawili marefu ambayo kuku walihamishwa, kuta zikajengwa na madirisha yakatobolewa. Ofisi na jiko vimo katika nyumba ya aliyekuwa mwenye shamba. Hakuna aibu hapo. Shule ya kwanza kabisa ya aina yetu, yaani ya Waldorf au Steiner, inayofuata mafundisho ya Rudolf Steiner, ilifunguliwa Stuttgart, Ujerumani, Septemba 1919, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, na Emil Molt aliyekiongoza kiwanda hicho alianza kwa kununua jengo lililokuwa mgahawa na kuligeuza madarasa. Tofauti yetu na wao ni kwamba mgahawa ule ulikuwa juu ya kilima. Sisi tuko tambarare, juu ya udongo mweusi.

Mvua za El Niño za Oktoba hadi Desemba zimemaliza ubishi. Banda la pili, la upande wa chini, limepasuka kutoka pembe ya karibu kila dirisha kwenda juu, na ufa wa ukuta wa mashariki unaingiza kidole. Mlango wa darasa la nne haufungi tena. Kwenye kamati kulikuwa na sauti za kuziba nyufa kwa saruji na kupaka rangi kabla shule haijafunguliwa. Kazi yangu ya kila siku ni ukadiriaji wa majenzi, kwa hiyo nilisema wazi: ufa wa udongo huu hauzibiki. Ukilowa unavimba na kuinua ukuta, ukikauka unasinyaa na kuuacha ukining'inia, na mchezo huo unarudiwa kila masika na kila kiangazi. Pesa yoyote itakayotumika juu ya ardhi kabla ya kushughulikia kilicho chini ya ardhi ni sadaka.

Mpango uliopitishwa: banda la kwanza libaki na liimarishwe. Banda la pili libomolewe, mahali pake pajengwe madarasa manne mapya. Nyumba ya shamba iezuliwe paa. Kisha uwanja wote upangwe upya: njia za maji, bustani, mahali pa kuchezea. Nimekubali kuandika shajara hii ili maswali ya kwenye maegesho yapungue.

Februari

Mhandisi amechimbisha mashimo ya majaribio. Karibu na lango, udongo mweusi una kina cha mita 1.2, upande wa chini, lilipo banda la pili, ni mita 1.9. Chini yake kuna muramu mgumu, yaani udongo wa changarawe, halafu mwamba. Kuna njia mbili za kujenga mahali kama hapa: kuuondoa udongo wote hadi kwenye muramu na kujaza upya, au kuuacha na kujenga juu ya jamvi zito la zege lenye vyuma vingi, linaloelea kama mashua. Kwa kina chetu na bei ya vyuma ya sasa, kuchimba ni nafuu. Tutachimba.

Mkutano wa pili wa mwezi ulikwenda kwenye michoro, na hapo ndipo palipochemka. Msanifu wetu ni mpenzi wa majengo ya Steiner, na mchoro wake wa kwanza ulikuwa na madarasa ya pembe saba, madirisha yaliyoinama na paa lililojikunja. Alituonyesha picha za Goetheanum, jengo la Dornach, Uswisi, lililobuniwa na Steiner mwenyewe. La kwanza lilikuwa la mbao lenye kuba mbili, likaungua usiku wa kuamkia Januari 1, 1923. La pili likajengwa kwa zege na kufunguliwa 1928, miaka mitatu baada ya Steiner kufariki. Ni jengo la ajabu, sibishi. Lakini waliomwaga zege lile walitengeneza mbao za kila mkunjo kwa mkono, moja moja. Mimi ninatafuta bei ya mabati.

Mwalimu mmoja aliuliza swali lililotuokoa: ni kitu gani ndani ya darasa ambacho mtoto atakikosa likiwa na pembe nne? Msanifu alijibu vizuri, na lazima nimpe haki yake. Alisema pembe kali za chumba huvuta macho kwenye giza la kona, na kwamba mwalimu wetu hukaa na darasa lile lile miaka mingi, kuanzia la kwanza hadi la nane pale shule inapofika huko, kwa hiyo chumba kinapaswa kuwakumbatia. Tukaafikiana. Chumba kiwe cha vipimo vilivyozoeleka Kenya, mita 7.5 kwa 6, na kona mbili za mbele zikatwe kwa mshazari. Milango ifunguke kwenda nje na madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia mtu kutoka, kama miongozo ya usalama wa shule inavyotaka. Pembe ya saba imekwenda kwenye kabati la ndoto.

Machi

Paa la nyumba ya shamba limeshuka. Lilikuwa la asbesto, na wapo waliosema mafundi wetu wapande tu na nyundo Jumamosi moja. Haiwezekani. Tangu kanuni za usimamizi wa taka za 2006, asbesto inaondolewa na wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, inalowanishwa, haivunjwi, inafungwa kwa plastiki na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Watoto walikuwa likizo fupi. Kazi ilikwisha bila vumbi.

Tingatinga limeingia upande wa chini. Swali ambalo sikutarajia lingetuchukua muda ni wapi pa kuupeleka udongo mweusi. Kila safari ya lori ni pesa, na anayeupokea hayupo. Kila mtu Kitengela anao wake. Mama anayesimamia bustani ndiye aliyetoa wazo: udongo huu unamchukiza fundi kwa sababu haupitishi maji, basi tuutumie palepale tunapotaka maji yasipite. Kwa hiyo sehemu kubwa imeshindiliwa kuwa tuta refu upande wa juu wa kiwanja, kando ya barabara, ili kuzuia maji yanayoshuka kutoka kwenye kalvati. Sehemu nyingine itatandikwa chini ya kidimbwi cha bustani. Iliyobaki imekuwa kilima cha kuchezea, na kabla hatujapanda hata unyasi mmoja darasa la pili lilikwisha kukitawala.

Mikaratusi iliyopangwa upande wa chini imeleta mabishano ya aina yake. Nusu ya wazazi wanataka ikatwe yote leo kwa kuwa inakunywa maji, nusu nyingine hawataki mti wowote uguswe kwenye shule ya Steiner. Mhandisi alieleza jambo ambalo halikuwapendeza wote wawili. Mti mkubwa huukausha udongo mweusi ulioko chini yake. Ukiukata ghafla, udongo unaanza kurudisha maji yake polepole, unavimba, na nyumba iliyo jirani inainuka hata miaka kadhaa baadaye. Uamuzi: iliyo karibu na jengo kwa umbali unaopungua urefu wa mti imekatwa sasa, kabla ya kujaza msingi. Ya mbali inabaki mpaka miche ya kuishika nafasi yake iwe mikubwa.

Aprili na Mei

Kazi imesimama. Mnaishi hapa, hakuna haja ya kusimulia sana. Serikali iliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili mpaka Mei 13, mto Athi ulifurika, na watu wa Kitengela walinaswa majumbani mpaka wakaokolewa. Familia tatu za shule zililala ofisini kwetu chini ya mabati mapya.

Shimo la msingi lilijaa maji. Tulipampu, likajaa tena. Nilichofanya katika siku hizo ni kutembea na miti na kamba, nikiweka alama kila maji yalipopita, na sasa ramani hiyo ina thamani kuliko uchunguzi wote tuliolipia. Tulikuwa tumeamini kwamba maji yanashuka moja kwa moja kutoka lango hadi uzioni. Sivyo. Yanakata kwa mshazari, yanapita palepale tulipopanga kuhamishia chekechea, kisha yanatuama nyuma ya choo cha wavulana. Tuta la udongo mweusi lilisimama vizuri kwa urefu wake wote isipokuwa ncha ya magharibi, ambako maji yalizunguka.

Mabadiliko mawili yamepitishwa. Chekechea inabaki banda la kwanza, upande wa juu. Na mshazari ule wa maji hautajengwa chochote. Utakuwa bonde dogo la nyasi, lenye mawe mahali pa kasi, linaloishia kwenye kidimbwi. Msanifu alifurahi kuliko nilivyotegemea. Hatimaye alikuwa na mstari usionyooka ambao hakuna aliyeweza kuupinga.

Juni

Kujaza msingi. Mawe chini, muramu juu yake kwa tabaka za milimita 150, kila tabaka linamwagiwa maji kiasi na kushindiliwa kabla ya jingine kuletwa. Ni kazi isiyo na picha nzuri. Wazazi wanapita wakiniambia hakuna kinachoendelea. Ndiyo sehemu muhimu kuliko zote, na nimekaa pale kama askari, maana dereva wa lori hupenda kumwaga tabaka la nusu mita na kuondoka.

Wiki ya mwisho ya mwezi malori hayakuja; barabara zilikuwa na maandamano ya mswada wa fedha. Muramu uliokuwepo ulifunikwa turubai.

Julai

Slabu imemwagwa. Kuta zimeanza, mawe ya Ndarugo kwa nje na matofali ya udongo na saruji kwa kuta za ndani.

Foremani wetu ni mtu wa timazi na pima maji, amejenga maghorofa Syokimau, na kona zetu zilizokatwa zilimkera tangu siku ya kamba. Ananiita injinia ijapokuwa nimemweleza kazi yangu. "Injinia," akasema, "kona yangu hii inakataa tatu-nne-tano," kipimo cha kamba cha kupata pembe mraba. Nikamwambia hiyo haitaki tatu-nne-tano, inataka nusu yake. Akakaa kimya, kisha akaomba mbao mbili na kupigilia kiolezo cha nyuzi 45, akakiweka chini, akajenga kona ya kwanza, akarudi nyuma hatua kumi kuitazama. Kona ya pili aliijenga bila kuniita. Sasa kiolezo hicho kimetundikwa kwenye stoo na haruhusu mtu akiguse.

Nataka kuandika jambo hili bila kuzunguka. Nilipoingia kwenye kamati niliamini kwamba kukata kona ni anasa ya kupoteza mawe. Mawe yaliyopotea ni machache, kwa sababu vipande vilivyokatwa vilitumika kwenye mifereji. Ndani ya chumba, hata bila paa, sauti ya mtu aliyesimama mbele inafika nyuma vizuri zaidi kuliko darasa la banda la kwanza. Bado naona madirisha yaliyoinama ni upuuzi.

Agosti

Hii ndiyo sehemu ninayotaka wazazi waisome.

Katika shule za Steiner, darasa la tatu, watoto wa miaka tisa hivi, wana kipindi cha somo kuu la asubuhi kinachohusu ujenzi wa nyumba, na kingine cha kilimo. Kwingineko wanajenga vibanda vya mfano. Mwalimu wetu alikuja ofisini na kuuliza kwa nini watoto wajenge mfano wakati kuna mjengo wa kweli nje ya dirisha. Kwa idhini ya mkandarasi wamepewa kazi yao wenyewe, mbali na jukwaa na mashine: stoo ya vifaa vya bustani na tanuri la mkate.

Walianza na udongo. Kila kikundi kilijaza chupa ya maji na konzi ya udongo, kikatikisa, kikaiacha mezani. Mchanga ulishuka wakiwa bado wanatazama. Vumbi laini lilishuka mpaka mchana. Mfinyanzi ulibaki umeyachafua maji hadi kesho yake. Katika chupa ya muramu mchanga ulikuwa tabaka nene; katika chupa ya udongo mweusi haukuonekana kabisa. Halafu wakajaza visanduku vya mbao, sentimita 60 kwa 4 kwa 4, kimoja muramu na kingine udongo mweusi, wakavianika kivulini. Wa muramu ulisinyaa kidogo, upana wa kidole. Ule mweusi ulikatika vipande vinne na kujikunja. Mtoto mmoja akaenda moja kwa moja kwenye kifusi cha banda la pili, akachukua kipande chenye ufa na kukiweka kando ya kisanduku. Hakuna aliyemtuma.

Matofali waliyafyatua kwa mashine ya mkono: muramu uliochekechwa, saruji sehemu moja kwa kumi na sita, maji kidogo tu. Kipimo cha maji ni kufinyanga donge na kuliangusha kutoka usawa wa kifua. Likisambaa kama unga ni kavu mno, likibaki donge limelowa mno. Wavulana wawili wazito walipokezana kuning'inia kwenye mpini. Matofali yalifunikwa majani na plastiki na kumwagiwa maji kila asubuhi kwa wiki mbili, na hapo ndipo uvumilivu wa watoto ulipopimwa, maana walitaka kuyajengea siku ya tatu. Foremani alijitolea kuwafundisha kuvuta kamba na kusoma pima maji. Alinong'ona kwangu kwamba saidia fundi wake wawili hawajui kusoma kiputo kama wale watoto, na nikamwona akiwaita wasaidizi hao waje wasikilize somo.

Stoo imefika linta. Imeinama kidogo upande mmoja. Nimepima: haitaanguka.

Septemba

Tumepaua. Mabati ya rangi ya kijivu, dari ya mbao, nafasi ya hewa ya moto kutokea juu ya mkanda wa zege. Ramani ya maji ilirudi mezani, safari hii kwa maji ya kunywa.

Kisima chetu kina floridi nyingi. Ni tatizo la eneo hili lote kwa sababu ya miamba ya volkano, na baadhi ya watoto waliokulia hapa wana madoa ya kahawia kwenye meno. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kipimo chetu kimezidi hapo. Kuchemsha hakusaidii, kunaongeza tu, kwa kuwa maji yanapungua na floridi inabaki. Kwa hiyo maji ya kisima yatakwenda chooni na kwenye kufulia, na ya kunywa yatoke juu, yaani kwenye paa.

Hesabu ni rahisi na darasa la sita wameifanya kwenye ubao. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa jipya ni mita za mraba 260 pamoja na baraza. Mvua ya milimita 10 inaleta lita 2,600. Tukiondoa moja ya tano inayopotea, zinabaki kama 2,080. Matangi matatu ya lita 10,000 yanajaa kwa mvua ya milimita 145 hivi. Watoto ni 140, kila mmoja akinywa lita moja na nusu, lita 210 kwa siku, matangi yakijaa yanatosha siku 140 za masomo. Bomba la kumwagia maji machafu ya dakika za mwanzo za mvua limefungwa kwenye kila mfereji wa paa, maana ndege wa hapa hawana adabu.

Kuzunguka jengo lote tumemwaga ukanda wa zege wa upana wa mita 1.2 ulioinama kwenda nje. Tafadhali msiruhusu mtu kupanda maua kando ya ukuta. Kila jagi la maji linalomwagiwa ua hapo linanywewa na msingi.

Oktoba

Rangi. Desturi ya shule nyingi za Waldorf ni kuanza na wekundu wa pichi kwa wadogo, kupitia manjano na kijani, hadi buluu na zambarau kwa wakubwa, na kupaka kwa tabaka nyembamba za rangi iliyoyeyushwa juu ya ukuta mweupe, brashi pana ikizungushwa ili mwanga upite na kurudi. Mchoraji wa mjini alitupa bei ya kutisha. Walimu wakajifunza kwenye ukuta wa choo cha wafanyakazi. Ukuta wa kwanza ulionekana kama umemwagikiwa chai. Wa tatu ulikuwa mzuri, nakiri, na chumba cha darasa la kwanza saa mbili asubuhi kina joto la macho ambalo rangi ya kopo haitoi.

Chumba cha yuritimia, sanaa ya mwendo ya shule za Steiner, kimeahirishwa. Kinahitaji sakafu ya mbao inayonesa, na fedha zilizobaki zimekwenda kwenye mteremko wa kiti cha magurudumu, mwinamo wa moja kwa kumi na mbili, kutoka lango hadi kila mlango. Nimelaumiwa kwa hilo na nimekubali kulaumiwa.

Bondeni tumepanda nyasi, na pembezoni mizeituni mwitu, ile ambayo majirani zetu Wamasai wanaiita oloirien, pamoja na migunga. Miche imewekewa miti ya kuizuia mbuzi wa jirani. Mbuzi wameshajua jinsi ya kuizunguka.

Kilichobaki kabla ya mvua za vuli kushika kasi: kuinua ncha ya magharibi ya tuta, kufunga tangi la tatu, na kuhamisha choo cha wavulana kutoka mahali maji yanapotuama; kibali cha kaunti cha choo kipya kimetoka wiki hii. Kazi ya tuta ni ya mikono, Jumamosi kuanzia saa mbili. Leteni majembe na mabuti, toroli tunazo. Darasa la tatu wameomba wasimamie kipimo cha mwinamo, na foremani amekwisha kuwakabidhi pima maji yake.